Jinsi ya kujipima kwa kiwango cha umahiri cha ununuzi na ugavi

Nimetoka kumsaidia afisa ugavi wa hospitali ya wilaya anayetaka kupanda cheo. Kazi anaiweza, lakini kuionyesha kwa maandishi kulimshinda. Naandika kwa walio kama yeye.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2007, ndio unaokuruhusu kufanya kazi hii Tanzania. Wenzetu wa Kenya leseni yao inatoka KISM, taasisi yao ya wataalamu wa ugavi. Kiwango cha umahiri kinaeleza mtu wa ngazi fulani anatakiwa kujua nini na kuweza kufanya nini.

Hatua ya 1: Pakua kiwango

Mimi natumia cha CIPS, taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi ya Uingereza. Ni bure, na waajiri wa mashirika ya kimataifa wanakitambua.

Hatua ya 2: Chagua ngazi

Zipo tano, kuanzia kazi za kila siku hadi utaalamu wa juu kabisa. Soma yako na inayofuata tu. Usifuate jina la cheo: kuna mtunza stoo wa kituo cha afya anayekadiria mahitaji ya mwaka mzima peke yake, na huo si umahiri wa ngazi ya chini.

Hatua ya 3: Fungua Excel

Safu nne zinatosha: umahiri, ngazi yangu, ushahidi, pengo. Usinunue programu yoyote kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Andika ushahidi

Hii ndiyo iliyokula jioni zetu. Angalia kitenzi cha kiwango. Kikisema "eleza", maarifa yanatosha. Kikisema "changanua" au "ongoza", lazima uonyeshe uamuzi ulioufanya wewe. Afisa wetu alianza hivi: "Ninasimamia stoo na kuhakikisha vifaa vinapatikana." Hayo ni majukumu yake, mtu yeyote mwenye barua ya ajira kama yake angeyaandika. Baada ya maswali mengi tulifika hapa:

"Glavu zilikuwa zinaisha kabla mzigo wa Bohari ya Dawa haujafika. Nilichukua matumizi ya kila mwezi kwenye kadi za stoo, nikaondoa kwenye wastani siku ambazo glavu hazikuwepo, nikapanga upya kiwango cha kuagizia. Tulikubaliana na mfamasia kwamba kiwango hicho kikifikiwa, na ikawa Bohari hawana, maombi yanakwenda siku hiyohiyo kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba upungufu wa Bohari."

Hilo la kuondoa siku za upungufu ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukiziacha, wastani unashuka, unaagiza pungufu, glavu zinaisha tena. Anayelijua hilo ameonyesha umahiri kwa sentensi moja.

Sasa tahadhari, na tafadhali usiziruke.

Tathmini ya zabuni hufanywa na kamati, na bodi ya zabuni ina mamlaka yake. Usiandike "nilimpa mzabuni kazi." Andika sehemu yako: ulitayarisha vigezo, ulikagua hesabu za bei, uliandika ripoti.

Nyaraka za tathmini ni siri. Usitoe nakala, usipige picha skrini ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Andika namba ya zabuni na umwite mshindani "Mzabuni A". Anayehitaji kuhakiki ana njia zake rasmi.

Takwimu zitoke kwenye leja au hati ya kupokelea mali, kamwe si kichwani. Kama hali ya awali haikurekodiwa, eleza kilichobadilika bila asilimia.

Ushahidi wa enzi za TANePS, mfumo uliotangulia NeST, bado una thamani, ila hauonyeshi kwamba unaufahamu utaratibu wa leo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imechukua nafasi ya ile ya 2011. Weka angalau mfano mmoja ulio chini ya sheria mpya.

Na maadili, ambayo wengi huyaacha tupu. Siku uliyotangaza mgongano wa maslahi ukajitoa kwenye kamati ni ushahidi mzito. Uandike.

Ili usihangaike tena mwakani, weka daftari gumu mezani na kila Ijumaa andika uamuzi wa wiki hiyo pamoja na namba ya hati. Napenda daftari kuliko simu, kwa kuwa simu hubadilishwa na kumbukumbu huondoka nayo.

Hatua ya 5: Mpe mtu akuhoji

Mtafute mkaguzi wa ndani kabla ya bosi wako. Bosi anakufahamu na atakubali haraka. Mkaguzi atauliza hati iko wapi.

Hatua ya 6: Ziba pengo

Chagua moja au mawili. Mitihani ya CPSP, ile ya kitaaluma ya PSPTB, itakuongezea maarifa, lakini uwezo wa kusimamia mkataba unapatikana kwenye mkataba wenyewe. Pengo likiwa ni majadiliano na wazabuni, omba kuwa kwenye timu ya majadiliano hata kama utapewa kazi ya kuandika muhtasari. Kikao kikiisha, ingiza tarehe, namba ya jalada na ulichochangia kwenye safu ya tatu.