Kukagua Toyota 86 ya sura mpya Malindi kabla hujalipa

Toyota 86 ni gari dogo la michezo la milango miwili; sura mpya ni ile ya 2016. Gari liwe limeoshwa, limekauka, na liko kivulini. Juani rangi mbovu nayo hung'aa. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, kipimo cha unene wa rangi kinachosoma chuma na alumini, na ndoo mbili za maji.

Kwanza jua ni ipi. Ilitoka 2012. Mwaka 2016 ikabadilishwa bampa la mbele, taa za mbele zikawa za LED, na za nyuma zikabadilishwa. Mwaka 2021 ikaja GR86 yenye bodi jipya na injini ya lita 2.4 badala ya 2.0. Usiamini uso: bampa na taa za 2016 huvalishwa gari la 2012 ili bei ipande. Namba ya chesisi huanza na ZN6 kwa ya 2012 na ya 2016, ZN8 kwa ya 2021. Kutenganisha mbili za mwanzo, soma tarehe kwenye lebo ya mkanda wa kiti, chini karibu na sakafu, kisha fungua boneti. Ya 2016 yenye gia za mkono ina manifoldi nyekundu ya alumini ya kuingizia hewa. Ya zamani ni plastiki nyeusi.

Sasa sumaku. ZN6 ina boneti ya alumini, haishiki. Paa na madigadi ni chuma. ZN8 ina alumini kwenye boneti, madigadi ya mbele na paa. Ikishika boneti, si ya kiwandani. Isiposhika madigadi ya ZN6, chini kuna pati (lipu ya kujazia mabonde) nene au ni ya faiba.

Hapa pwani tumia muda mwingi kwenye alumini. Haifanyi kutu nyekundu: rangi huvimba vipele, ukikwangua unakuta unga mweupe. Chumvi yenye unyevu hupitisha umeme mdogo kati ya chuma na alumini, na alumini ndiyo huliwa. Kwa hiyo angalia zinapokutana: bolti za madigadi, bawaba za boneti, kingo za paa la ZN8. Kipele kimoja ni cha kupunguziwa bei; vikiwa safu nzima ukingoni mwa paa, achana nalo, maana kupaka rangi juu yake ni kuahirisha tu.

Rangi ya kiwandani huwa takriban mikroni 90 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Ikipita 200 imepigwa tena; ikipita 500 ni pati. Linganisha kushoto na kulia, na uangalie kama vichwa vya bolti vina alama za spana.

Chini, gari liko milimita 130 tu kutoka ardhini. Matuta hukwaruza bampa na kung'oa vibanio vya kinga ya injini. Mikwaruzo ni kawaida, mpasuko sio.

Vioo vya milango havina fremu: ukivuta kitasa, kioo hushuka kidogo. Kisiposhuka kitasugua raba, na ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui utausikia upepo ukipiga mluzi.

Mwisho, mwagia maji taa za nyuma polepole, ngoja dakika 10, inua zulia la buti. ZN6 za mwanzo zinajulikana kwa taa kuingiza unyevu. Zulia likilowa, raba za taa zibadilishwe, na utafute kutu chini yake.