Namna ya Kusimulia Ngano Hata Msikilizaji Aione

Mwongozo huu umekusudiwa mzazi, mlezi au mwalimu ambaye angependa kusimulia ngano kwa mdomo, bila kitabu na bila picha, na ambaye pengine amewahi kuona macho ya watoto yakianza kutangatanga ukutani hadithi ikiwa bado katikati. Ninaamini kwamba macho hayo hutangatanga, mara nyingi, kwa sababu ya wingi wa maneno. Msimulizi amekwisha kusema kila kitu, na mtoto hakuachiwa chochote cha kutengeneza mwenyewe kichwani mwake. Kusimulia vizuri ni kutoa nusu ya picha kwa maneno yaliyochaguliwa, kisha kumwamini anayesikiliza kwamba ataleta nusu ya pili.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho, nacho ni kisa cha kima na papa. Wengi wetu tulikisikia utotoni, ingawa si wote tuliosikia kwa namna moja. Kima alikuwa akikaa juu ya mkuyu ulioota kando ya bahari, papa akawa anakuja chini ya mti, na kima akimtupia matunda, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akambeba mgongoni. Walipofika kilindini papa akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao kima wakisafiri huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Waliporudi, kima akaruka juu ya mti na hakushuka tena.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikiandika kisa hiki kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, kikachapwa London mwaka 1870, lakini umri wake ni mkubwa kuliko hapo. Wahindi walikuwa nacho katika Panchatantra, mkusanyo wao wa kale wa ngano, na huko mnyama wa majini alikuwa mamba na mti ulikuwa wa jamii ya zambarau. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha ngano za wanyama ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8, mnyama ni kobe na mti ni wa tini. Kilipofika kwetu, mamba na kobe wakawa papa, na mti ukawa mkuyu. Hakuna aliyewaamuru wasimulizi wa Unguja wafanye hivyo. Walitaka tu wasikilizaji wao waone, na msikilizaji huona upesi zaidi kile anachokijua. Basi unapochagua ngano, tazama kwanza kama vitu vyake vikubwa vinaonekana mahali unapoishi. Kama watoto wako wamekulia Dodoma na hawajaiona bahari hata siku moja, waonyeshe kabla ya hadithi, mchana, maji mengi ya aina yoyote, hata bwawa, ili wawe na cha kuanzia.

Usiikariri ngano neno kwa neno. Aliyekariri husoma maandishi yaliyo ndani ya kichwa chake, na wasikilizaji hutambua kwamba hawatazamwi. Ishike mifupa yake: urafiki, mwaliko, kilindi, hila, kurudi. Mambo matano hayo ukiyajua kwa mpangilio wake, huwezi kupotea. Maneno ya kukariri kabisa ni machache mno: sentensi ya kufungulia, sentensi ambayo kisa kinageukia, na sentensi ya mwisho. Katika kisa chetu sentensi ya kugeukia ni maneno mawili matatu ya papa, nami nitayarudia hapa chini, kwa kuwa ndipo wasimulizi wengi wanapoharibu.

Siku ya kusimulia, televisheni izimwe na simu zikae mbali, pamoja na yako. Taa ikipunguzwa ni vizuri zaidi. Kisha fungua mlango wa ngano kama inavyofunguliwa. Wengine huanza kwa "Hadithi, hadithi!" na wasikilizaji hujibu "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Wengine husema "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", na wengi hasa nchini Kenya huendelea: "Sahani!" – "Ya mchele." "Giza!" – "La mwizi." Nawasihi wasimulizi wasiuruke mlango huu wala wasiupite mbio kana kwamba ni desturi tu. Tazama unavyofanya kazi. Msimulizi anatoa neno moja, sahani, nalo halijawa picha ya kitu chochote hasa. Wasikilizaji wanaongeza maneno mawili, na mara moja kuna wali, kuna mvuke, kuna njaa. Anatoa giza, wao wanaliwekea mwizi ndani. Kabla hadithi haijaanza, watoto wamekwisha kufundishwa kazi yao, ambayo ni kukamilisha. Na lile tamko la "uwongo njoo" linampa kila mtu ruhusa ya kuamini, kiasi kwamba hakuna atakayeuliza kima alijifunza wapi kusema. Itikio likiwa dhaifu, ita tena. Subiri mpaka sauti zote zimeingia.

Sasa weka mahali. Mahali huwekwa kwa kitu kimoja kinachoonekana, na kitu hicho kinatosha. Mkuyu wetu una matawi ambayo nusu yako juu ya nchi kavu na nusu yako juu ya maji. Ukisema hivyo, umesema urafiki wote wa kima na papa kabla hawajakutana, na mtoto ameuona mti. Ukisema badala yake kwamba ulikuwa mti mkubwa sana, mzuri sana, wa kupendeza mno, umetumia maneno mengi zaidi na hukumwonyesha kitu. Vivumishi vya namna hii, mzuri, mkubwa, wa kutisha, wa ajabu, ni hukumu za msimulizi. Vinamwambia mtoto ajisikie vipi, na havimpi cha kutazama. Badala ya kusema papa alikuwa wa kutisha, sema kwamba alipopita chini ya mti samaki wadogo walitawanyika, kisha maji yakatulia.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotupa hazina ambayo kila mzawa wa lugha hii anayo na wengi wetu tunaisahau tunapokuwa rasmi: tanakali za sauti na maneno yanayofanana nazo. Tunda la mkuyu linaanguka majini chubwi. Likianguka nchi kavu, linaanguka pu. Usiku ni giza totoro, mchanga ni mweupe pepepe, maji ya kilindi ni meusi tititi, kima akirukiwa na wimbi amelowa chapachapa, na baada ya safari amelala fofofo. Kila neno kati ya haya lina mwenzake wake, halikubali kuolewa ovyo. Hakuna anayesema giza pepepe. Kwa sababu hiyo sikio la msikilizaji huwa limekwisha kulitazamia, na linapofika huingia moja kwa moja bila kupita kwenye maelezo. Litamke kama kitu kilivyo. "Chubwi" litamkwe kwa ufupi na kuachwa lizame, na "fofofo" lishuke pole pole. Hata hivyo, yapimwe kama chumvi. Tanakali mbili tatu katika tukio moja zinatosha. Zikizidi, watoto watacheka sauti na kukisahau kisa.

Tumia pia nyakati za vitenzi kwa makusudi, kwa kuwa mwendo wa ngano umo ndani yake. Kiambishi "ka" hukimbia: kima akashuka, akakaa mgongoni mwa papa, wakaondoka, wakauvuka mwamba, wakaiacha pwani. Msikilizaji anakimbizwa pamoja nao, na hana nafasi ya kutazama pembeni, jambo ambalo ni sawa kabisa wakati wa safari. Ukitaka asimame atazame, acha "ka" na useme mambo yalivyo wakati huo: "Pwani haionekani tena. Maji ni meusi tititi. Kima amelikamata pezi kwa mikono miwili." Mbio zimekoma kwa ghafla, na kila mtoto chumbani yuko juu ya mgongo wa papa. Sijui mbinu nyingine yenye nguvu kama hii ambayo haigharimu hata neno moja la ziada.

Kuna hatari moja katika mazungumzo ya wahusika, nayo inatokana na uzuri uleule wa lugha yetu. "Akamwambia amfuate kwao, naye akamjibu kwamba hajui kuogelea." Nani amemwambia nani? Viambishi "a" na "m" humfaa kima sawasawa na papa, na maandishi yanaweza kurudiwa lakini sauti imekwisha kupita. Kwa hiyo taja jina kabla ya kila kauli, hata kama unaona unajirudia, na waache wahusika waseme maneno yao wenyewe badala ya kuripoti. Si lazima umpe papa ngurumo. Mimi humsimulia kama rafiki aliyelemewa na amri ya sultani wake, anayesema kwa sauti ya chini, na nimeona kwamba watoto humwogopa zaidi kwa njia hiyo kuliko nilipokuwa nikimnguruma. Tukio lenyewe liwe hivi:

Papa akasema, "Rafiki yangu, sultani wetu ni mgonjwa."

Kima akasema, "Maskini. Ameambiwa dawa gani?"

Papa akanyamaza. Kisha akasema, "Moyo wa kima."

Baada ya hapo, usiseme kitu. Vuta pumzi mbili kamili, uwatazame. Kishawishi cha kuongeza ni kikubwa mno: kwamba kima aliogopa sana, kwamba moyo ulimwenda mbio, kwamba alijua amekwisha. Kila sentensi kati ya hizo inamnyang'anya mtoto kazi ambayo wakati huo anaifanya vizuri kukushinda wewe. Kuna jioni moja niliponyamaza mahali hapo, na mtoto mmoja akauliza kwa mnong'ono kama mkia wa kima ulikuwa ndani ya maji. Sikuwa nimetaja mkia. Nikamuuliza yeye aliuona wapi, akajibu kwamba ameukunja, kwa sababu papa anaweza kuuma. Hofu yote ya kima ilikuwa ndani ya mkia ule uliokunjwa, na mimi nisingeweza kuutunga.

Kimya kikisha, mwache kima ajibu kwa utulivu, tena kwa masikitiko, kama mtu aliyesahau kitu kidogo nyumbani: "Ungeniambia tulipokuwa pwani, ningeuchukua. Sisi tukisafiri, mioyo tunaiacha mitini." Wadogo kabisa watahitaji muda kuelewa hila. Wakubwa watatabasamu mapema. Usiwaeleze wadogo, wakubwa watafanya kazi hiyo baadaye kitandani.

Kuhusu mwisho, najua desturi ya shuleni kwamba kila hadithi imalizike kwa "hadithi hii inatufundisha". Naomba mwalimu aijaribu ngano hii bila sentensi hiyo. Kima mwenyewe hakumpa papa fundisho. Katika masimulizi ya Unguja, papa alipomwita ashuke waendelee na safari, kima alimuuliza kama anamfanya punda wa dobi, na papa alipotaka kujua punda huyo ana nini, akasimuliwa kisa kingine: punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, kisha akarudi kwa simba yuleyule baada ya kubembelezwa na sungura, akauawa, na sungura akaula moyo na masikio yake. Simba alipovitafuta, sungura alimwambia kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi. Hivyo ndivyo kima alivyomjibu papa, kwa kumpa picha nyingine na kumwacha aitafakari majini. Ukiwa na muda, msimulie punda naye. Usipokuwa nao, fungia pale kima anaporuka tawini, kisha maliza kama wanavyomaliza baadhi ya wasimulizi, kwamba hadithi ikiwa njema ni yetu sote, na ikiwa mbaya ni yangu mimi peke yangu.

Kabla ya kuwasimulia watoto, fanya mazoezi mbele ya mtu mzima mwenye kazi mkononi, kwa mfano anayechagua mchele kwenye ungo. Tazama mikono yake. Pale mikono inaposimama, ngano imemkamata. Pale inaporudi kwenye mchele, umeongea mno, na hapo ndipo pa kupunguza. Ni kipimo cha haki kuliko sifa utakazopewa mwishoni.

Na baada ya siku mbili tatu, mwombe mtoto mmoja akusimulie wewe. Usiwe na karatasi wala maswali ya ufahamu. Atachanganya baadhi ya mambo, na atarefusha yale aliyoyaona vizuri. Inawezekana kabisa kwamba mkuyu utakuwa umegeuka mwembe, kwa kuwa nyumbani kwao kuna mwembe, na kwamba matunda yatakuwa yakianguka majini kwa sauti nzito kuliko ile uliyoitoa wewe. Usimsahihishe. Mwitikie "Pakawa!" kwa sauti kamili, na umwache aendelee mpaka kima afike juu.