Namna ya Kuanza Uhusiano na Mwanafunzi wa Rangi Nyingine Chuoni Marekani

Kabla ya kumwalika mwenzako mkanywe kahawa, jiulize kama unamtaka yeye au unaitaka picha uliyojengewa kuhusu watu wake, kwamba binti mwenye asili ya Asia ni mtiifu au kwamba kijana Mweusi lazima awe mwanamichezo. Anayesema “sijawahi kutoka na Mweusi” hudhani amesifu, ilhali anayeambiwa hujiona amegeuzwa kionjo. Muulize anasomea nini, umsikilize. Nywele zake usiziguse bila ruhusa. Hili halihitaji maelezo.

Jambo zito zaidi ni jamaa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria zilizokataza ndoa za rangi tofauti tarehe 12 Juni 1967, katika kesi ya Loving dhidi ya Virginia, na jimbo la Alabama halikuliondoa katazo hilo katika katiba yake hadi mwaka 2000. Kwa hiyo baadhi ya mabibi na mababu mtakaowatembelea Sikukuu ya Shukrani, siku ya Novemba ambayo jamaa hukusanyika kula pamoja, walikulia chini ya sheria hizo. Mweleze mwenzako mapema anayoweza kuyasikia mezani, na mkubaliane nani atajibu. Kwa maoni yangu, ajibu mwenye jamaa hao, palepale, wala si mgeni aliyeshika sahani.