Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Intaneti Inayokatikakatika Nyumbani

Intaneti iliyokatika kabisa ni rahisi kuishughulikia kuliko ile inayopotea kwa dakika mbili kisha ikarejea yenyewe, kwa sababu hitilafu ya kudumu hukungoja uichunguze, ilhali hii nyingine hutoweka pindi unapoanza kuitafuta. Wengi huzima ruta na kuiwasha, mambo yakatulia kwa saa kadhaa, nao wakaamini kuwa wameponya tatizo, kumbe wamefuta ushahidi. Kabla ya kugusa chochote, andika kwa siku mbili au tatu saa ambayo mtandao umekatika, muda uliokatika, vifaa vilivyoathirika na taa za ruta zilizobadilika.

Jambo la kwanza ni kujua njia imekatikia wapi. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta. Katika la kwanza andika ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu, ikifuatwa na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na katika la pili andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya majina ya Google, yaani kompyuta inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kwenye Windows ongeza -t mwishoni ili jaribio lisikome baada ya mara nne. Hakikisha kwanza kwamba anwani zote mbili zinajibu wakati mtandao ni mzima, kwa kuwa baadhi ya ruta zimewekwa zisijibu, kisha yaache madirisha hayo wazi na uendelee na kazi zako.

Mtandao utakapokatika, yatazame. Ruta isipojibu, tatizo limo ndani ya nyumba. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, chunguza modemu, waya unaoingia nyumbani au mtoa huduma. Zote mbili zikijibu huku kurasa zikikataa kufunguka, shuku seva ya majina, na ujaribu kuweka nyingine katika mipangilio ya ruta.

Tatizo likiwa la ndani, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo. Iwapo kebo ni imara na Wi-Fi ndiyo inayoyumba, angalia masafa ya mawimbi yake. Katika gigahezi 2.4, chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni 1, 6 na 11 tu, hivyo ruta za majirani husongamana humo, na mikrowevu nayo hufanya kazi kwenye takribani gigahezi 2.45. Ukiona katika kumbukumbu zako kwamba mtandao hupotea kila chakula kinapopashwa moto, umekwisha kupata jibu. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, ingawa mawimbi yake hudhoofika haraka yanapopita kwenye kuta. Ina pia mtego usiojulikana na wengi: katika nchi nyingi, baadhi ya chaneli zake, kuanzia 52, hutumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada hulazimika kuihama chaneli hiyo mara moja. Ikihamia nyingine ya aina hiyo, ni lazima kwanza isikilize kwa dakika moja au zaidi kabla ya kurusha mawimbi. Mtandao wa gigahezi 5 unaotoweka kwa takribani dakika moja bila sababu unafaa kuhamishiwa kati ya chaneli 36 na 48.

Kompyuta iliyounganishwa kwa kebo nayo ikikatika, badilisha kebo. Muunganisho wa gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya, lakini ule wa megabiti 100 hutumia mbili tu, kwa hiyo kifaa cha gigabiti kinachoonyesha 100 huenda kina uzi uliokatika au plagi iliyolegea. Fungua pia ukurasa wa ruta uone imewaka kwa muda gani. Ikiwa inasema saa tatu na hakuna aliyeizima wala umeme haukukatika, basi inajizima yenyewe, na mimi huanza kushuku adapta yake kabla ya ruta. Adapta mpya iwe na volti zilezile, ncha chanya na hasi zilezile, na ampea zisizopungua za awali.

Kifaa kimoja tu kikisumbua, zima hali ya kuokoa nishati ya Wi-Fi yake na usasishe programu zake. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba hakikupewa anwani na ruta.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtandao uliokuwa ukikatika mara moja kwa siku hauwezi kusemwa umepona baada ya saa sita za utulivu. Ungoje siku kadhaa kabla ya kuhukumu badiliko hilo.

Majaribio yakielekeza nje ya nyumba, usijaribu kufungua kebo ya fiba wala kuchungulia ncha yake. Tazama tu kama imekunjwa kwa ukali na kama taa ya LOS, inayoonyesha kwamba mawimbi ya fiba yamepotea, inawaka nyekundu. Kisha mpe mtoa huduma orodha ya saa ulizoandika pamoja na matokeo ya ping yaliyochukuliwa kwa kebo, ukionyesha kwamba ruta ilikuwa ikijibu wakati wote huo, ili fundi asianze kwa kukuambia uizime na kuiwasha.