Umeme ukikatika, okoa rauta kwanza

Umeme ukikatika katikati ya kikao cha mtandaoni, kinachokuangusha ni rauta. Kompyuta mpakato ina betri yake. Hakuna haja ya kuwasha jenereta kwa kifaa kinachokula wati 10, hasa petroli ikiwa ya kupanga foleni.

Geuza adapta ya rauta usome maandishi madogo: nyingi ni volti 12, ampea 1, ila zipo za volti 9. Nenda nayo Kariakoo mkononi, utafute UPS ndogo (betri ya akiba inayoendelea kulisha rauta umeme ukikatika) yenye volti zilezile, ampea sawa au zaidi, na kichwa cha waya kinachokaza. Kikicheza, rauta itazima na kuwaka yenyewe, nawe utalaumu mtandao bure. Wa faiba, angalieni kama kuna kisanduku cha pili ukutani. Nacho kinataka umeme.

Usihadaike na mAh iliyoandikwa kwenye betri, hesabu Wh, yaani nishati yenyewe: mAh mara volti, gawanya kwa 1,000. Betri ya 10,000 mAh yenye volti 3.7 ni Wh 37. Ukitoa upotevu wa kupandisha volti, hubaki kama 30, yaani saa 3 hivi kwa rauta ya wati 10. Usiiamini UPS kabla ya kuijaribu: ichomoe ukutani Jumamosi, upime muda.

Giza likirefuka, mnara wa simu nao huweza kuishiwa betri. Weka bando dogo kwenye laini ya mtandao mwingine. Na kabla ya kupiga TANESCO, chungulia mita ya Luku. Pengine ni uniti zimeisha.