Kufundisha mbinu za ushawishi kwenye hotuba: anza na mpiga debe, majina baadaye

Walimu wenzangu wa lugha, mwaka wangu wa kwanza kazini nilijaza ubao tamathali za semi karibu ishirini, vijana wakakariri zote, mtihani ulipokuja wakaniandikia "ametumia takriri, ametumia swali la balagha" (yaani karudia maneno, kauliza swali lisilongoja jibu) basi, hiyo takriri imemfanya nini msikilizaji hakuna aliyesema. Kosa langu, niliwapa majina kabla hawajaona kazi. Siku hizi naenda hivi, vipindi vinne vya dakika 40.

Hatua ya 1: Mpiga debe
Usiandike kitu. Uliza nani anaweza kumuigiza mpiga debe wa stendi, watajitokeza wa kumwaga. "Wawili tu gari inaondoka!" na ndani kuna abiria wanne. Wakishacheka uliza, kwa nini ukisikia wawili tu unakimbia? Watakwambia unaogopa kuachwa. Hilo ndo liandike ubaoni: kuogopa kuachwa.

Hatua ya 2: Wamsikie Nyerere, wasimsome
Ile hotuba ya Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yameshaingia Kagera. Simu na spika ndogo vinatosha. Waeleze kwanza nani anaongea, na nani, kumetokea nini, maana hotuba ya vita bila vita yenyewe inabaki kelele. Halafu waweke kile kipande: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Mara mbili, kimya.

Hatua ya 3: Ivunje
Hapa usiwe na haraka, hata kipindi kizima kiishie hapa poa tu. Andika ubaoni "Tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga." Habari ni ile ile, sasa kimepotea nini? Waache wabishane. Kwangu walianza na kumpiga kurudi mara tatu, sawa, halafu binti mmoja wa nyuma akasema mwalimu, ile tunayo imewekwa mwisho, ya kwanza unaisikia, ya pili unaingoja, ya tatu unaisema naye. Nikakaa chini kabisa.

Wakikwama wapeleke kwenye viambishi. Ile tu- ni nani? Hakusema jeshi linao, kwa hiyo na mama muuza maandazi kaingizwa vitani hapo hapo. Na -m- kwenye kumpiga? Mtu mmoja! Sio kuwapiga, Waganda wamewekwa pembeni, adui kabaki mmoja tu. Herufi moja hiyo, na kwenye orodha yangu ya ishirini haikuwepo.

Hatua ya 4: Brutus na Antony
Nyerere huyo huyo ndo alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kwa hiyo daraja unalo tayari. Chukua onyesho la msibani tu: Caesar kauawa, Brutus ni mmoja wa waliomuua, Antony ni rafiki wa marehemu. Mmoja asome Brutus, mwingine Antony, darasa lote ndo umati, na sheria ni moja: ukibadilika mawazo unasimama, na unaweka alama kwenye mstari uliokubadilisha. Brutus anatoa sababu za kumuua, umati unakubali, halafu anaondoka (jamani, unamwachiaje mtu jukwaa!). Antony anamwita Brutus mtu wa heshima, anarudia, anarudia, mpaka heshima inageuka tusi. Anautaja wosia wa Caesar halafu anagoma kuusoma, anaonyesha joho la marehemu lenye matundu ya visu, watu wameshawaka ndo anawakumbusha wosia, kila raia drakma 75. Darasani huwa wanagombana hapo, wengine wanasema tumeguswa wengine wanasema tumenunuliwa, usiwaamulie.

Hatua ya 5: Waandike
Sasa ndo majina yaje, takriri, kejeli, balagha. Aya moja tu, na kila jina libebe mambo matatu: msemaji kafanya nini, msikilizaji kapata hisia gani, na kwa nini ifanye kazi kwa watu wale siku ile. Akiandika "ili kusisitiza" akaishia hapo mrudishie, kusisitiza nini kwa nani?

Hatua ya 6: Kazi ya nyumbani
Kila mtu alete sentensi moja iliyowahi kumshawishi, ya redioni, ya stendi, popote, aivunje kama tulivyovunja ile ya Kagera. Muhula uliopita mmoja kaniletea barua yake mwenyewe ya kuomba ruhusa, kapigia mstari sehemu tatu, na chini kabisa saini yangu.