Kikonyo cha parachichi kikigoma kushika
Mnaobebesha miparachichi huku Kibosho na Machame, kikonyo (kijiti cha mti mmoja mnachokiunga kwenye shina la mwingine) kikikauka msikimbilie kulaumu mbegu. Kinachounganisha ni kambiamu, tishu nyembamba yenye utelezi kati ya gome na mbao. Seli zake ndizo zinazogawanyika na kutengeneza zailemu mpya ya kupandisha maji na floemu ya kusafirisha chakula kutoka kwenye majani. Mbao ya katikati haiungi kitu. Kwa hiyo kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, msikiweke katikati ili kipendeze (mimi nilivikausha vingi hivyo). Kisogezeni upande mmoja, mstari wa kambiamu ndani ya gome lake uguse ule wa shina. Kisu kikali, kata mara moja, kisha fungeni nailoni kabla jeraha halijakauka.